Mwongozo wa ubora wa kikundi: uandike nini ili mpate cheti cha GLOBALG.A.P.

Swali linalonifikia sana kutoka vikundi vya mboga vya Bunju, Mabwepande, Toangoma na Chamazi ni hili: "Bwana shamba, mnunuzi anataka cheti cha GLOBALG.A.P., tuanzie wapi?" Leo tuzungumzie kitu kinachokwamisha wengi: mwongozo wa ubora.

GLOBALG.A.P. ni kiwango kilichoanzishwa na maduka makubwa ya Ulaya mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP. Jina la sasa lilikuja 2007. Unaweza kuomba cheti peke yako, ila kwa mwenye robo eka ya bamia gharama ya ukaguzi inauma. Ndiyo maana kuna njia ya kikundi: cheti kimoja, wanachama wengi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye kikundi, mkaguzi wa nje hatembelei kila shamba. Anachukua angalau kipeuo cha pili cha idadi yenu. Mko 25, anakagua mashamba 5. Yale 20 yaliyobaki anayaamini kwa sababu ya mfumo wenu wa ndani. Mfumo ukiwa mbovu, cheti cha wote kinasimamishwa, hata kama shamba lako wewe ni safi. Mwongozo ndio unaoeleza mfumo huo.

Mambo ya kuandika:

1. Kikundi ni nani. Usajili, uongozi, na nani anawajibika kwa nini.
2. Mkataba na kila mwanachama, wenye sahihi.
3. Rejista. Jina, mahali shamba lilipo, zao, ukubwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho.
4. Ukaguzi wa ndani. Kila shamba angalau mara moja kwa mwaka. Hakuna kujikagua mwenyewe.
5. Ufuatiliaji wa mazao. Kreti ikikutwa na tatizo, mjue imetoka shamba lipi. Andikeni pia jinsi mtakavyorudisha mzigo kutoka sokoni.
6. Malalamiko na adhabu. Onyo, kusimamishwa, kufutwa.
7. Utunzaji wa nyaraka. Kila ukurasa uwe na tarehe na namba ya toleo. Kumbukumbu zikae angalau miaka 2.

Kosa kubwa ninaloliona ni kukopi mwongozo wa kampuni kubwa mtandaoni. Unakuta umeandikwa "meneja wa maabara" wakati kikundi kina stoo moja na mizani. Mkaguzi akiuliza huyo meneja yuko wapi, mnatazamana. Andikeni mnachofanya kweli, kwa Kiswahili chenu cha kila siku. Mfano:

"Kabla ya kuvuna, mwanachama anamwonyesha mtunza stoo daftari la dawa. Mtunza stoo analinganisha tarehe ya kupiga dawa na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Siku hazijatimia, mzigo haupokelewi. Anaandika na kusaini."

Sentensi nne tu, lakini ndani yake kuna nani, lini, anafanya nini, na ushahidi uko wapi. Kila utaratibu uandikwe hivyo.

Kwa sisi wa Dar, sehemu ya maji isipitwe juujuu. Wanaomwagilia kwa maji ya mto au mfereji unaopita kwenye makazi waandike chanzo chao, hatari zake, na matokeo ya kipimo cha maabara. Mboga za majani zinaliwa na watu, na wengine hawazipiki sana.

Kuna atakayesema ISO 9001 haidai tena mwongozo. Ni kweli, toleo la 2015 liliondoa sharti hilo. Lakini GLOBALG.A.P. kwa kikundi bado inautaka, msichanganye.

Wiki hii anzeni na rejista, namba 3. Ukiona hamuwezi kuijaza kwa ukweli, bado hamjawa tayari kumlipa mkaguzi. Maswali karibuni.