Krosi mpya, gari bado linatetemeka

Barabara ya Baba Dogo jijini Nairobi imepangwa viwanda, na penye viwanda hapakosi malori, wala fundi aliyelala chini ya lori na spana mkononi. Lalamiko moja huwafikia mafundi hawa tena na tena: krosi imebadilishwa juzi tu, lakini gari likishika kasi sakafu inatetemeka.

Propela hutoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu. Giaboksi imetulia kwenye chasisi, ilhali difu hupanda na kushuka na springi kila penye shimo au tuta, kwa hiyo propela haina budi kuwa na viungo. Kwenye malori kiungo hicho ni krosi: msalaba wa chuma, kila ncha ndani ya kikombe chenye beringi za sindano. Ncha mbili hushikwa na uma wa upande mmoja, mbili na uma wa upande wa pili. Mwingereza Robert Hooke alikieleza kiungo hiki katika karne ya 17. Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya krosi ya magari mwaka 1903.

Krosi ina kasoro ya kuzaliwa. Ikishajikunja, uma wa pili hauzunguki kwa kasi ya ule wa kwanza. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Kwa pembe ya digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 tu juu na chini. Kwa digrii 30, uma wa kwanza ukienda mizunguko 1,000 kwa dakika, wa pili hupanda hadi 1,155 na kushuka hadi 866.

Dawa yake ni krosi ya pili. Uma za ncha mbili za propela zikilingana, na pembe zikiwa sawa, kosa la mbele hufutwa na la nyuma. Shida ni kwamba propela nyingi zina meno yanayochomoka. Ukiyarudisha vibaya, uma hazilingani tena. Badala ya kufutana, makosa yanaongezana. Hapo krosi mpya haidumu, hata iwe ya bei gani. Kuongeza majani ya springi ili lori libebe zaidi nako huharibu pembe.

Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayawezi kuvumilia kasi hiyo ya kupanda na kushuka, kwani usukani ungerukaruka kila kona. Yana jointi ya CV (ya kasi isiyobadilika), ambayo upande wa gurudumu kwa kawaida huwa na gololi sita, muundo wa Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920. Gololi hukaa daima katikati ya pembe, ndiyo maana kasi haipandi wala haishuki. Adui yake ni kupasuka kwa mpira unaoifunika: grisi inatoka, vumbi linaingia, na ukikata kona kali unasikia ka-ka-ka.

Kwa mwenye lori, kabla propela haijashushwa, mwambie fundi apige alama ya rangi pande zote mbili za meno.