Mafuta ya Gia: Mpagazi Asiyelishwa Huacha Mzigo Njiani

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe ambalo leo ni jumba la makumbusho. Mwezi wa Februari 1872, David Livingstone na Henry Stanley walifika hapo wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi 14 kuelekea pwani, na Livingstone akabaki. Alikuwa na bidhaa na alikuwa na nia ya safari, lakini hakuwa na watu wa kutosha wa kuchukua mizigo. Alingoja hadi wapagazi walipowasili mwezi wa Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huo ndipo aliposhika njia tena. Zaidi ya miezi mitano ilipotea kwa sababu moja tu: mzigo ulikuwapo, mbebaji hakuwapo.

Motokaa yako nayo ina mpagazi wake. Injini huzalisha nguvu, na magurudumu huitumia nguvu hiyo kwenda. Lakini anayeichukua kutoka huku na kuifikisha kule ni giaboksi. Giaboksi ikifa, injini itanguruma siku nzima na gari lisisogee hata hatua moja. Chakula cha mpagazi huyu ni mafuta.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wenye magari wengi hubadili oili ya injini kwa wakati, na gari huliosha kila Jumamosi, lakini mafuta ya gia hawajapata kuyatazama tangu siku gari liliposhushwa melini. Jamaa nyingi za wafanyakazi leo huendesha magari yaliyokwisha tumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na mengi kati ya hayo ni ya gia za otomatiki. Gari la namna hiyo aghalabu limenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo. Gharama ya giaboksi iliyoharibika yaweza kumeza ada ya watoto, na gharama ya mafuta yake ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo.

KAZI YA MAFUTA HAYA

Katika gari la gia za mkono, mafuta hulainisha meno ya gia yasisagane na hupunguza joto. Katika gari la otomatiki yana kazi kubwa zaidi. Hayo ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipitisha, ndiyo yanayosukuma sehemu za ndani zinazobadili gia, na ndiyo yanayochukua joto na kulipeleka likapozwe. Joto ndilo adui mkuu. Gari linalokwenda katika njia za mchanga zinazouzunguka mji wa Tabora, limejaa watu na magunia, katika jua la mwezi wa Oktoba, huyachosha mafuta mapema kuliko gari linalokwenda polepole katika lami na nchi ya baridi.

Wapo wasemao kwamba mafuta ya otomatiki hudumu maisha yote ya gari. Msemo huo umewaponza wengi. Hakuna mafuta yasiyochoka. Fuata kitabu cha gari lako. Na ikiwa kitabu kinataja muda wa kawaida na muda wa kazi ngumu, basi wewe uendeshaye katika vumbi na joto chukua ule wa kazi ngumu.

SI KILA MAFUTA NI MAFUTA

Mafundi wengi huyaita mafuta ya otomatiki kwa jina moja tu, "haidroliki", kana kwamba ni ya aina moja. Sivyo. Magari ya zamani ya Toyota hutumia aina ya Dexron. Yaliyofuata hutumia iitwayo T-IV. Na mengi ya baadaye hutumia WS. Magari yenye giaboksi ya CVT, ambayo ndani yake nguvu hupitishwa kwa mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, yana mafuta yake maalumu. Ukitia humo haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza na kujisaga, na giaboksi yaweza kuharibika kabisa.

Hata gari la gia za mkono halikubali kila kitu. Mafuta yenye alama ya GL-5, yafaayo katika difu, yanaweza kuzidhuru pete za shaba zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini. Giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4. Tena usihukumu kwa jina la gari wala kwa gari la jirani, kwa maana magari mawili ya jina moja huweza kuwa na giaboksi tofauti. Soma kitabu, au alama iliyopigwa kwenye kijiti cha kupimia. Ununuapo, hakikisha kifuniko cha kopo hakijapata kufunguliwa.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi hii si ya baba peke yake. Mama au kijana wa nyumbani aweza kuifanya. Kwa magari mengi ya otomatiki yenye kijiti, liendeshe gari hadi lipate moto, kisha lisimamishe mahali palipo sawa na kuvuta breki ya mkono. Acha injini ikiunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote polepole, kisha urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe, kichomoe tena na usome upande ulioandikwa HOT.

Tazama rangi na unuse. Mafuta mengi ya otomatiki yakiwa mapya huwa mekundu na maangavu. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, yamekwisha. Yakiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji yameingia, pengine kutoka katika rejeta. Usiendeshe gari hilo, mwite fundi. Magari yasiyo na kijiti hupimwa kwa chini, mafuta yakiwa katika kiwango maalumu cha joto. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

KUBADILI

Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hasa juu ya mchanga ambamo jeki huzama. Tumia shimo la gereji au stendi imara.

Kisha kumbuka kanuni ambayo wengi huisahau: kwa giaboksi yenye nati ya kujazia, ifungue hiyo kwanza kabla ya nati ya kumwagia. Ukiisha mwaga mafuta ndipo ukagundua kwamba nati ya kujazia imekwama, gari halitoki hapo.

Pima kiasi kilichotoka, nawe urudishe kiasi hicho hicho, ikiwa kipimo kilikuwa sawa tangu mwanzo. Usishangae kuona kwamba katika otomatiki yametoka nusu tu au pungufu. Mengine hubaki ndani. Kwa gari lililosahauliwa miaka mingi, ni busara kumwaga na kujaza kwa awamu kuliko kuyasukuma yote kwa mashine kwa mara moja. Tazama na sumaku iliyo ndani: ungaunga mwembamba ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya maradhi.

Mafuta machafu usiyamwage ardhini karibu na kisima. Yatie katika dumu na uyapeleke gereji inayoyapokea. Na ukimaliza kazi, nawa kwa sabuni.

UKIHARIBIKIWA NJIANI

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yake yanayopokea nguvu yakizunguka chini. Pampu ya mafuta huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka pasipo kulainishwa. Inua magurudumu hayo, au lipakie gari lote. Kadhalika, usitie gia ya nyuma kabla gari halijasimama kabisa.

Wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walibeba kiasi cha frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 30 hivi, na kila kiongozi wa msafara mwenye akili alijua kwamba posho yao haicheleweshwi. Aliyeichelewesha aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo na watu hawapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni Jumapili, ndugu msomaji, na gari limepumzika. Kifungue kitabu chake uone ni lini mara ya mwisho mpagazi wako alipopewa posho.