Dinosaria wa Mpira na Mikono Iliyowatembeza

Wako watu, nao si haba, ambao wakionyeshwa filamu za kale za dinosaria, zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo baina ya miaka ya 1920 na 1970, huanza kucheka kabla mnyama wa kwanza hajamaliza kuvuka pazia. Huuonyesha kwa kidole mkia unaoburuzwa na shingo inayotetemeka, huwadhihaki wanadamu waliovaa ngozi wakikimbizwa na viumbe waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, kisha hutoa hukumu kwamba hayo ni mambo ya watoto. Hukumu hiyo huniudhi, kwa kuwa aghalabu hutolewa na watu wasiojua wanatazama nini. Filamu hizo zingali zikitafutwa, zikisafishwa na kuonyeshwa upya, ilhali nyingi za zama zake zilizogharimu fedha nyingi mno zimekwisha kusahauliwa, na sababu yake imo katika namna mnyama alivyofanywa atembee.

Si kila dinosaria wa sinema anayestahili utetezi huu. Mwaka 1940, katika filamu ya Marekani iitwayo One Million B.C., mijusi hai walipewa kazi ya dinosaria, na mamba mdogo akabandikwa pezi la bandia mgongoni, akaachiwa apigane na mjusi mkubwa mbele ya kamera. Picha za pigano hilo zikawa rasilimali ya watengenezaji fukara, wakazinunua na kuzichomeka katika kazi zao, mathalan Two Lost Worlds ya 1951 na Robot Monster ya 1953, hata mtazamaji mwenye kumbukumbu akawa anawaona wanyama wale wale wakiumizana tena na tena chini ya majina mbalimbali. Huo ni ukatili, nao haupati radhi yangu kwa udhuru wa umaskini, kwa maana mnyama hai hana hiari ya kuikataa kazi, na njia iliyo bora ilikuwapo miaka kumi na mitano kabla yake.

Njia hiyo ilikuwa ya Willis O'Brien. Alipopewa kazi ya kuwatengeneza wanyama wa filamu The Lost World, iliyotoka 1925, alimwajiri kijana mwanafunzi wa sanaa, Marcel Delgado, na huyo akaanza kila mnyama kwa kiunzi cha chuma, mifupa midogo iliyoungwa kwa gololi zilizobanwa kiasi, kila kiungo kikikubali kupinda kwa kusukumwa na kukataa kulegea chenyewe. Juu ya kiunzi aliweka misuli ya sifongo, na juu ya misuli ngozi ya mpira. Na ndani ya kifua cha baadhi yao alitia kibofu kilichojazwa hewa na kupunguzwa taratibu, ili mnyama asimamapo aonekane anapumua. Kabla filamu haijakwisha, mwezi Juni 1922, Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi yenyewe, aliwaonyesha wanachama wa chama cha wafanya mazingaombwe mjini New York picha za majaribio bila ya kuwaeleza ni kitu gani, na kesho yake gazeti la New York Times likaandika habari hiyo kwa mshangao mkubwa.

Kumtembeza mnyama wa namna hiyo ni kazi ya subira isiyo na mfano. Filamu yenye sauti hupita mbele ya macho yetu kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde, basi fundi humsogeza mnyama kwa unywele, huondoa mkono, hupiga picha moja, hurudi akamsogeza tena, na dakika moja ya pigano humtaka afanye hivyo mara 1,440. Naye hana budi kukumbuka, baina ya picha na picha, kama mguu wa kushoto ulikuwa ukipanda au ukishuka, mkia ulikuwa ukielekea wapi, na taya lilikuwa limefunguka kiasi gani. Akisahau kimoja, hapana kufuta: huanza upya.

Hapa ndipo ulipo mtetemeko wanaoucheka watu. Mtu anayekimbia akipigwa picha na kamera ya kawaida, kila picha huwa na ukungu kidogo, kwa sababu viungo vyake huendelea kusogea kwa kitambo kile kifupi ambacho mlango wa kamera uko wazi, na macho yetu huutumia ukungu huo kuunganisha picha na picha. Dinosaria wa mpira hupigwa picha akiwa ametulia kabisa. Kila picha yake ni safi, kila kucha na kila kunjo la ngozi huonekana waziwazi, na matokeo yake ni mwendo ambao akili inaukubali kuwa ni uhai na papo hapo inatambua kwamba si uhai wa dunia hii. Mafundi wa filamu ya Dragonslayer ya 1981, Phil Tippett akiwa mmoja wao, walitumia mota kumsogeza mnyama wakati mlango wa kamera ungali wazi, ukungu ukapatikana. Na 1993 kompyuta zikaja na Jurassic Park, zikapunguza haja ya mpira na chuma katika mwendo. Nazistahi kazi hizo, lakini nashikilia kwamba mwendo ule wa zamani una haiba ambayo ulaini huu mpya haujaifikia, kwa kuwa katika kila hatua ya mnyama ipo hukumu ya mtu mmoja aliyekaa peke yake chini ya taa.

Hodari wa mafundi hao wa zamani alikuwa Ray Harryhausen, aliyeitazama King Kong ya O'Brien mwaka 1933 akiwa na miaka 13, asipone tena. Baba yake ndiye aliyemchongea viunzi vya chuma. Alipofanya The Beast from 20,000 Fathoms, iliyotoka 1953 kwa gharama ya kiasi cha dola 200,000, hakuwa na fedha za kujenga miji midogo wala za kuajiri wachoraji wa mandhari. Basi alirusha picha ya barabara halisi ya New York juu ya pazia dogo, akamweka mnyama mezani mbele yake, na mbele ya kamera akasimamisha kioo alichokipaka rangi nyeusi sehemu ya chini. Alipokwisha kumtembeza mnyama alirudisha ukanda nyuma, akageuza weusi uzibe sehemu ya juu, akapiga tena barabara peke yake, na mnyama akaonekana amesimama katikati ya mji, magari na watu wakiwa mbele yake na nyumba zikiwa nyuma. Ufukara ndio uliomfundisha hila hiyo.

Wengine hudai kwamba elimu ya filamu hizi ni batili, nami nakiri kwamba mikia iliburuzwa; lakini iliburuzwa kwa kuwafuata wataalamu, hasa michoro ya Charles R. Knight iliyotundikwa katika majumba ya makumbusho. Hata dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, baina ya 1909 na 1913, na watu wetu waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, alisimamishwa Berlin 1937 naye mkia chini na miguu ya mbele imepindwa, wala hakunyooshwa mpaka ukarabati uliokamilika 2007. Ni aibu kwamba wengi wetu twaweza kutaja filamu tatu za dinosaria na hatulijui jina la Boheti.

Kupotea kwa filamu hizi na wanyama wake wa mpira kwanitia uchungu. Nakala za The Lost World ya 1925 ziliondolewa kwa makusudi na nyingi kuharibiwa, na mengi yaliyorudi yalitoka katika nakala iliyohifadhiwa na Wacheki. Wanyama wenyewe wameoza, maana mpira hukauka ukapasuka, na wengine Harryhausen mwenyewe aliwavua ngozi ili kiunzi kitumike tena. Hata hivyo, ustadi ule ulizaa mengine: mifupa inayopigana kwa panga katika filamu ya Jason and the Argonauts ya 1963, mashine zitembeazo za Star Wars, vikaragosi vya udongo vya Uingereza, matangazo ya biashara, na kadhalika.

Atakaye kuanza, na aanze na The Valley of Gwangi ya 1969, hadithi ambayo O'Brien aliibeba tangu miaka ya 1940 akafa 1962 bila kuitengeneza. Humo wachunga ng'ombe wanamtia kamba dinosaria wakiwa juu ya farasi. Huko Hispania, kwa hakika, waliitupia kamba fimbo ndefu iliyofungwa katika gari dogo, na baadaye Harryhausen akamweka mnyama wake mahali pa gari, akaziendeleza kamba kwa nyuzi nyembamba za chuma mpaka shingoni mwake, picha moja moja. Itazame mara ya kwanza kwa kuifuata hadithi. Mara ya pili, msomaji, zitazame kamba tu.