Elimu Gerezani Turkana: Kutoka Lokitaung hadi Lodwar

Elimu ya wafungwa katika Turkana haieleweki vizuri pasipo kukumbuka kwamba magereza ya eneo hilo kame yalitumiwa kwanza kuwatenga watu, na wala si kuwarekebisha. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, yaani eneo ambalo mgeni hakuingia bila kibali; ndiyo maana Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, waliotiwa hatiani Kapenguria mwezi Aprili 1953, walipelekwa Lokitaung, kaskazini ya mbali, ambako jangwa lenyewe lilifanya kazi ya ukuta.

Hata hivyo, masomo yalipatikana humo humo. Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, aliyekamatwa mwaka 1954 na kunusurika kunyongwa, alifundishwa Kiingereza na Kenyatta huko Lokitaung, pasipo mtaala wala mwalimu wa kuajiriwa, na elimu hiyo ilitokana na hiari ya wafungwa wenyewe. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar chini ya kizuizi, yaani amri ya kumlazimisha mtu kuishi mahali fulani ingawa kifungo chake kimekwisha, akakaa huko hadi 1961.

Leo jukumu la kuwafundisha wafungwa ni la utawala wa magereza. Kanuni za Mandela, ambazo ni viwango vya Umoja wa Mataifa vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, zinataka wafungwa wasiojua kusoma na wale vijana wafundishwe kwa lazima, tena kwa utaratibu unaofungamana na elimu ya taifa. Ugumu uko katika muda. Sheria ya Magereza ya Kenya humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mwema theluthi ya adhabu inayozidi mwezi mmoja, isipokuwa kwa makosa fulani mazito, kwa hiyo aliyehukumiwa miezi sita hutoka baada ya minne, muda unaozidi kidogo tu muhula mmoja wa shule. Mahabusu, yaani mtu anayengoja kesi yake kuamuliwa, hana hata tarehe ya kutoka ambayo mwalimu angeweza kuipangia masomo.

Kwa sababu hiyo mfano wa gereza la Kamiti, ambako wafungwa wa muda mrefu wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, unastahili sifa kubwa lakini hautoshi kuliongoza gereza la Lodwar. Kinachofaa zaidi hapa ni ngumbaru, kama Wakenya wanavyoyaita masomo ya watu wazima, yaliyogawanywa katika vipindi vifupi vinavyojitosheleza, yanayoanza kwa Ng'aturkana kwa mfugaji ambaye hakupata kuingia darasani, kisha yakamfikisha kwenye Kiswahili, ambacho atakihitaji mbele ya askari na hakimu. Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi tangu 1992 na iliyo umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, inaongeza gerezani wasemaji wa Kiarabu, Kisomali na lugha za Sudan Kusini, ambao pengine walikwisha kusoma kwingine na hawapaswi kurudishwa kwenye herufi za mwanzo.

Shule za Kakuma hufuata mtaala wa Kenya, jambo linalorahisisha mno kazi ya kumwendeleza aliyefunguliwa, mradi gereza limpe, siku ile ile ya kutoka, hati inayoonyesha alichosoma na kiwango alichofikia.