Kalamu za Wanawake (4): Siti, Kijiti na matusi ya mtandaoni

Juma lililopita tuliishia mwaka 1987, Fatma Alloo na wenzake walipoanzisha Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA. Leo nilikusudia kwenda moja kwa moja kwenye Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kwa kuwa kaulimbiu ya mwaka 2025 ilihusu ukatili wa mtandaoni. Lakini jarida walilolianzisha 1988 waliliita Sauti ya Siti, na jina hilo halipitiki hivi hivi.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Zanzibar, aliuza vyungu kabla ya kushika taarabu. Mwaka 1928 alivuka hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Wengi humsifia sauti. Mimi namhesabu mwandishi wa habari. Usikilize wimbo wake wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anachukuliwa matembezini, anauawa, na mwuaji anakimbilia Bara. Kortini wanaoadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, eti kwa habari ya pombe! Tukio limo, majina yamo, hukumu imo, na asiyejua kusoma aliipata yote barazani.

Waliomchukia walimjibuje? Hoja zake hawakuzigusa. Waliimba kaniki aliyokuja nayo mjini, wakaimba sura yake. Naye akawarudishia kwa wimbo kwamba uzuri si kitu, akili ndiyo mtaji.

Wahuni wa simu za leo hawajavumbua lolote. Mwandishi wa kike anachambua bajeti, anaulizwa ameolewa na nani. Katika uchunguzi wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari (ICFJ) wa mwaka 2020, asilimia 73 ya waandishi wanawake waliojibu walisema wamewahi kufanyiwa ukatili mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunayo, nayo inakataza kumsumbua mtu kwa kompyuta. Ila wahariri wetu, wepesi wa kuchapisha picha ya mwandishi wao ili gazeti liuzwe, humwachia peke yake matusi yanapomwagika. Ni uoga, wala tusiupambe.

Kizazi cha Sauti ya Siti hakikumwachia mtu mzigo peke yake. Walipiga kelele kwa pamoja hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, yenye kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Namna walivyoisukuma, nitaieleza juma lijalo.