Wimbo wa Bure na Gharama Yake kwa Lugha Zetu

Sisi tunaofundisha lugha, na wale tunaowafundisha, tuna swali la kujiuliza: wimbo ukipatikana kwa bei rahisi, gharama yake humwangukia nani?

Mnamo Aprili 2003, kampuni ya Apple ilifungua nchini Marekani duka la iTunes, ambamo mtu alipakua wimbo kwa senti 99 za dola. Septemba 2007 alitokea mshindani, Amazon, aliyeuza nyimbo nyingi kwa senti 89. Kwa wakazi wa Kitale na Bungoma hayo yalikuwa mambo ya mbali, kwani malipo yalihitaji kadi ya benki. Huku kwetu nyimbo zilinakiliwa vibandani kwa shilingi chache, na msanii hakuambulia kitu.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ingaliweza kuliziba pengo hilo. Hata hivyo, ushindani wa bei ulishika njia nyingine. Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi, huwapa watu nyimbo bure na kutegemea matangazo ya biashara. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, hutoza ada ya mwezi, au husikilizwa bure pamoja na matangazo.

Msikilizaji amefaidika, hilo silikatai. Ninalolitilia shaka ni mgawo wa mapato. Katika duka la kupakua, mtu akinunua wimbo wa litungu ulioimbwa kwa Kibukusu, fungu la msanii katika bei hiyo lilimwendea mpiga litungu huyo huyo. Katika mtindo wa ada, fedha aghalabu hutiwa chungu kimoja, kisha hugawanywa kulingana na mara ambazo kila wimbo umesikilizwa. Basi mwalimu wa Bungoma asiyesikiliza ila litungu hulipa ada yake, na sehemu kubwa ya ada hiyo huwafikia waimbaji wa lugha kubwa ambao hajapata kuwasikia. Huko ndiko kusema mwenye nguvu mpishe.

Kuna njia iliyo ya haki zaidi: ada ya kila msikilizaji igawiwe wale tu aliowasikiliza. SoundCloud iliuanza mtindo wa namna hiyo Aprili 2021 kwa wasanii wanaojitegemea.

Huwa tunawaambia wanafunzi kwamba lugha hufa ikikosa wasemaji. Yafaa tuwaambie pia kwamba hudhoofika waimbaji wake wakikosa ujira. Maduka na yashindane kwa bei. Lakini shilingi ya msikilizaji imfikie aliyemwimbia.