Namba Kubwa Haioni Zaidi

Anayenunua darubini ya macho mawili kwa mara ya kwanza huuliza inavuta umbali gani, na muuzaji anayejua kazi yake humpa ile yenye namba kubwa kuliko zote. Ndiyo sababu vile vidarubini vya kukunja vilivyoandikwa 30x60 havikai dukani. Lakini kwa mtu anayekwenda Mikumi kutazama wanyama, anayefuatilia ndege msitu wa Arabuko-Sokoke, au mwindaji mwenye kibali katika vitalu vya Tanzania (Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977), namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Mwanga na utulivu wa mkono vinatangulia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika 8x42, 8 ni mara ambazo kitu hukuzwa, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 na utapata upana wa mwali unaotoka nyuma kuingia jichoni: milimita 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2. Kwa 30x60 ni 2 tu, hata tukiamini maandishi yake, na rula ikiwekwa juu ya kioo cha mbele aghalabu huyakanusha. Juani mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo saa sita mchana darubini hizi hazitofautiani sana kwa mwanga, na mnunuzi huzijaribu mlangoni mwa duka saa hiyo hiyo. Wanyama wengi, hata hivyo, huhangaika alfajiri na magharibi, wakati mboni imefunguka hadi milimita 5 au zaidi. Hapo picha ya 8x42 hung'aa karibu mara moja na nusu ya ile ya 10x42, na ya 30x60 ni giza.

Ukuzaji haubagui: humkuza mnyama, na hukuza pia mtetemo wa mkono. Kuanzia mara 12 ni wachache wanaoweza kutuliza picha bila kuegemea kitu. Eneo linaloonekana nalo hupungua: darubini nzuri ya 8x42 huonyesha upana wa takriban mita 130 kwa umbali wa mita 1,000, ilhali ya 10x42 huonyesha kama 110. Ndege akiruka kutoka tawi hadi tawi, upungufu huo ndio unaomkosesha.

Wapo watakaosema Serengeti si kichaka, na kwamba kwenye mbuga tupu ukuzaji mkubwa una kazi. Nakubali nusu. Ukiwa ndani ya gari lililozimwa, viwiko vimeegemezwa dirishani, 10x42 ni chaguo la haki. Zaidi ya hapo joto linakataa: mchana hewa iliyo juu ya ardhi hucheza, na darubini kali hukuza mchezo huo badala ya kukupa sura ya mnyama. Zile zinazobadilisha ukuzaji, mathalani 8 hadi 24, naziweka kando kabisa, kwa kuwa uwanja wake wa kuona ni mwembamba na picha hufifia kadiri unavyovuta.

Mwindaji ana sababu nyingine ya kujali ubora wa kioo. Kanuni za Tanzania zinataka simba dume anayewindwa awe na umri wa miaka 6 au zaidi, na miongoni mwa dalili za umri ni weusi wa pua na hali ya manyoya ya shingoni. Hayo ni mambo ya rangi na ukali wa picha. Kila uso wa kioo usiopakwa utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na mwanga hupita nyuso 10 au zaidi, hivyo theluthi nzima inaweza kupotea njiani. Utando wa kuzuia hasara hiyo ulibuniwa na Olexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935. Kuupima ni rahisi: geuza lenzi kwenye taa. Mwakisi hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema, mweupe mkali ni mbaya, na vioo vyekundu kama rubi ni pambo linaloharibu rangi.

Wawindaji wa Ujerumani hupenda 8x56 kwa kungoja nguruwe mwitu gizani. Karibu na ikweta machweo ni mafupi, na uzito wake, mara nyingi zaidi ya kilo moja, haulipi. Anayevaa miwani atafute darubini inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kioo cha nyuma, na kila mtu adai iliyozibwa isiingie maji, kwani vumbi nalo halitapita. Kwa fedha za kutosha, nunua 8x42. Fedha zikiwa chache, 8x30 ya prisimu za Porro, yaani ile yenye mabega mapana, huonyesha vizuri kuliko ya mirija iliyonyooka ya bei ileile.